Kutoka chatu wa kufugwa hadi jina la Ebola: historia ya ugonjwa uliotafutwa karibu miaka 40

Mwezi wa Agosti 2012, habari moja fupi ilizunguka dunia na kuwashtua watu wengi: virusi vyenye sehemu inayofanana na ile ya Ebola vimepatikana ndani ya nyoka. Nyoka hao hawakutoka misitu ya Équateur wala ya Ituri. Walikuwa boa wa kufugwa huko California, Marekani, wengine wakiishi katika nyumba za watu na wengine katika jengo la maonyesho ya wanyama mjini San Francisco.

Siku chache baada ya habari hiyo, tarehe 17 Agosti, serikali ya RDC ilitangaza kwamba Ebola imeingia Isiro, katika Haut-Uélé. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Ebola ya Isiro ilikuwa ya aina ya Bundibugyo, iliyogunduliwa kwanza nchini Uganda mwaka 2007, na haikutoka kwa boa wa Marekani. Lakini mtu aliyesikia habari zote mbili katika juma moja angeweza kuziunganisha kichwani mwake, na hapo ndipo uvumi huzaliwa. Kwa sababu hiyo inafaa historia ya nyoka hao isimuliwe tangu mwanzo, kwa utaratibu.

Mwanzo wake ni mtu na mnyama wake mgonjwa.

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, nyoka akiingia nyumbani mtu huita panga, haiti daktari wa wanyama. Hakuna wa kuwalaumu. Mama anayelala na watoto chini ya turubai, usiku, bila taa, hana nafasi ya kuchunguza kama nyoka huyo ana sumu au hana. Nyoka wa sumu wa nchi hii ni wengi, na mtaalamu Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu Kusini, alichapisha mwaka 1990 kazi nzima kuhusu nyoka wa Zaire na madhara ya kuumwa nao. Lakini Ulaya na Marekani kuna watu wanaofuga nyoka kama wengine wanavyofuga paka. Wanaowapenda zaidi ni chatu na boa, ambao hawana sumu. Mawindo yao huyakaba kwa kujizungusha. Wanakaa katika sanduku la kioo lenye taa ya joto, wanalishwa panya mara moja kwa juma au zaidi, na wanaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mtu aliyemtunza mnyama miaka 15 humzoea, awe ng'ombe au boa.

Katikati ya miaka ya 1970, wafugaji na madaktari wa wanyama wa Marekani walianza kuona jambo geni. Chatu mkubwa, mzima jana, leo anatapika panya aliyemezwa siku chache nyuma. Kisha anakataa kula. Baadaye kichwa kinaanza kutetemeka. Anajaribu kushika mawindo na kukosa, kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua kikombe na kushika hewa. Wengine waliinua shingo wakabaki wakitazama juu kwa muda mrefu, bila kitu chochote pale juu. Wafugaji waliiita dalili hiyo kutazama nyota. Wengine walijifunga fundo kwa mwili wao wenyewe, wakashindwa kujifungua.

Daktari alikuwa na kipimo kimoja rahisi: kumgeuza nyoka tumbo juu. Nyoka mzima hujipindua mara moja. Huyu alibaki vilevile, tumbo likiwa wazi.

Chatu walikufa haraka, baada ya majuma machache. Boa walichelewa, wengine walikaa miezi mingi, hata miaka, wakikonda na kushikwa na maradhi mengine ya mapafu na ya kinywa. Mwanzoni waliopatwa sana walikuwa chatu wa Burma. Kuanzia miaka ya 1990 boa ndio walioonekana zaidi. Nyoka mmoja mgonjwa aliyenunuliwa sokoni na kuwekwa pamoja na wengine aliweza kumaliza ufugaji mzima wa mtu, na wapo waliopoteza kazi ya maisha yao kwa njia hiyo.

Kwa nini hakuna aliyejua sababu? Si kwamba hawakutafuta. Nyoka aliyekufa alipasuliwa, vipande vya ini, figo, kongosho na ubongo vikapakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Ndani ya seli kulionekana vipunje vya mviringo ambavyo havipaswi kuwepo. Vipunje hivyo ndivyo vilivyoupa ugonjwa jina lake la kitaalamu, ambalo maana yake ni ugonjwa wa vitu vilivyojazana ndani ya seli. Mwaka 1994 watafiti wa Florida, Juergen Schumacher na Elliott Jacobson pamoja na wenzao, waliandika maelezo kamili ya ugonjwa huo kwa boa na chatu. Tangu hapo ulikuwa na jina na sura, lakini mwenye kuuleta hakujulikana.

Wengi walishuku virusi vya kundi la retrovirusi, kundi lenye HIV. Mwaka 2002 watafiti wa Uswisi walichunguza virusi vya aina hiyo katika chatu, wakakuta kwamba vimeandikwa tayari ndani ya urithi wa chatu hao, wagonjwa na wazima sawasawa. Kitu ambacho kila chatu wa aina hiyo huzaliwa nacho hakiwezi peke yake kueleza kwa nini mmoja anakufa na jirani yake anakula vizuri.

Kuna kisa kingine cha miaka hiyo kinachostahili kukaa nacho kidogo. Mwaka 2000 kikundi kimoja cha watafiti wa Marekani kilifaulu kutoa vipunje vile kutoka seli za boa wagonjwa na kuvisafisha. Wakakuta vimeundwa na protini moja, waliyoipima uzito wake kwa usahihi. Katika kichwa cha andiko lao waliviita vipunje hivyo visivyo vya virusi. Miaka 12 baadaye ilijulikana kwamba protini ileile ni ya virusi hasa, ile inayofunika urithi wa virusi vyenyewe. Mwizi alikuwa ameshikwa mkono, akaachwa aende kwa sababu hakufanana na picha ya mwizi yeyote aliyejulikana. Hilo si kosa la kuchekwa. Virusi vya jamaa hiyo vilikuwa vimeonekana kwa wanyama wanaonyonyesha tu, hasa panya. Hakuna aliyewahi kuvikuta kwa mnyama anayetambaa.

Wakati maabara zikizunguka hivyo, wenye nyoka walibaki na maamuzi ya siku kwa siku. Na hapa kuna jambo ambalo madaktari wa wanyama walilijifunza kwa uchungu: si kila nyoka anayetazama nyota ana ugonjwa huu. Taa ya joto ikiharibika na sanduku likawaka kupita kiasi, ubongo wa nyoka huumia na dalili hufanana. Dawa ya kuua wadudu iliyopulizwa chumbani au juu ya nyoka kuondoa utitiri humtetemesha vilevile. Vidudu vya bakteria vikifika kwenye ubongo, hali ni hiyohiyo. Yapo pia maambukizi mengine ya virusi, kama yale ya kundi la paramiksovirusi yaliyoua nyoka wengi wa sumu katika nyumba moja ya nyoka huko Uswisi miaka ya 1970. Mtu aliyemchoma mnyama wake sindano ya mwisho saa ileile, bila kuuliza joto lilikuwa kiasi gani na nani alipuliza dawa jana, huenda alimwua nyoka ambaye angepona.

Kwa hiyo utaratibu wa dharura uliozoeleka ulikuwa huu, na haujabadilika sana: nyoka mgonjwa anatengwa chumba kingine siku ileile. Joto la sanduku linapimwa. Halishwi, maana anayetapika akipewa panya mwingine anadhoofika zaidi. Anayemshika ananawa mikono kabla ya kugusa mwingine, na wazima wanahudumiwa kwanza, mgonjwa mwisho. Utitiri unapigwa vita, kwa kuwa wadudu hao wanaofyonza damu wameshukiwa kwa muda mrefu kwamba wanahamisha ugonjwa kutoka nyoka mmoja hadi mwingine. Nyoka mpya anakaa karantini miezi kadhaa kabla ya kukutana na wenyeji. Na akifa, maiti inawekwa kwenye baridi bila kugandishwa, kwa sababu barafu hupasua seli na daktari hatasoma kitu chochote kwa hadubini.

Watu wa Beni, Butembo na Mambasa wakisoma orodha hiyo hawatahitaji kufafanuliwa. Kutenga, kunawa, kushughulikia mgonjwa mwisho, kuwa mwangalifu na maiti: walivishwa mambo hayo kwa nguvu kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati Ebola ilipowashika watu zaidi ya 3.400 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini na kuua zaidi ya 2.200. Tofauti ni kwamba mwenye boa hana askari mlangoni, wala hana sababu ya kushuku kwamba daktari wake amekuja kumwibia viungo.

Sasa tufike San Francisco. Katika chuo kikuu cha California kilichopo mji huo kulikuwa na mtafiti aitwaye Joseph DeRisi. Alijulikana kwa kutafuta virusi visivyojulikana. Mwaka 2003 chombo alichokitengeneza pamoja na wenzake kilisaidia kutambua virusi vya ugonjwa wa SARS. Mwaka 2008 kikundi chake kiligundua virusi vinavyoua kasuku wa kufugwa kwa kuwaharibu njia ya chakula. Habari ya kasuku hao ilimfikia mwanamke mmoja wa California aliyekuwa na boa aliyeambiwa ana ugonjwa wa vipunje. Hakuwa mwanasayansi. Alimwandikia DeRisi barua akiomba kwamba kama ameweza kwa kasuku, ajaribu na kwa nyoka.

Barua za namna hiyo hutupwa kila siku duniani kote. Hii ilisomwa.

Karibu na wakati huo, ugonjwa uliingia pia katika Steinhart Aquarium, sehemu ya makumbusho ya sayansi ya mji huohuo inayofuga samaki na wanyama wengine. Kwa hiyo watafiti walipata sampuli za nyoka waliougua pamoja mahali pamoja, pamoja na sampuli za nyoka wa watu binafsi walioletwa kwa madaktari. Mark Stenglein, mtafiti kijana wa maabara ya DeRisi, alichukua urithi wote uliokuwa ndani ya vipande vya nyoka wagonjwa, akausoma kwa mashine vipande mamilioni, kisha kompyuta ikatoa kila kilicho cha nyoka. Kilichobaki ndicho kilichokuwa cha mgeni.

Mgeni huyo alikuwa wa jamaa ya arenavirusi, jamaa ya homa ya Lassa iliyojulikana mwaka 1969 baada ya wauguzi wa misheni kuugua nchini Nigeria. Ila protini ya nje, ile ambayo virusi hutumia kama ufunguo wa kuingilia ndani ya seli, haikufanana na ya arenavirusi mwingine yeyote. Ilifanana na ya Ebola na Marburg.

Kufanana huko ndiko kulikozaa vichwa vya habari. Ni kama mtu akute nyumba ya udongo kijijini, kila kitu cha udongo, lakini mlango wake umetoka kwenye duka la mjini. Mlango hauifanyi nyumba nzima kuwa duka. Mashine ya ndani ya virusi vya nyoka, ile inayozidisha urithi, ni ya arenavirusi. Ya mlangoni tu ndiyo ya ukoo wa Ebola. Wataalamu wanafikiri kwamba zamani sana, ndani ya mnyama fulani, virusi vya koo mbili vilikutana na kubadilishana kipande.

Kupata urithi hakukutosha. Ilibidi virusi vikuzwe, na seli za nyoka za kukuzia zilikuwa chache. Hapo ndipo boa mmoja aitwaye Juliet anapoingia katika historia. Kutoka figo lake watafiti walipata seli zilizoendelea kuishi na kugawanyika maabarani, wakaziita JK, yaani figo la Juliet kwa herufi za Kiingereza. Virusi vilipowekwa juu ya seli hizo vilizaana, na vipunje vilevile vya miaka ya 1970 vikatokea mbele ya macho yao. Andiko lilitoka tarehe 14 Agosti 2012 katika jarida la mBio. Virusi vya kwanza vilipewa jina la Golden Gate, lile daraja maarufu la San Francisco, na vingine jina la makumbusho yenyewe. Mwaka uliofuata watafiti wa Finland na wa Uholanzi walitangaza kwamba nao wamekuta ndugu zake katika nyoka wa Ulaya.

Mtu wa RDC hawezi kusoma habari hiyo bila kukumbuka Yambuku. Mwaka 1976 hakuna mashine iliyosoma urithi. Jean-Jacques Muyembe, daktari kijana aliyetumwa kutoka Kinshasa, alichukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, na damu ya mtawa mmoja Mbelgiji ikasafiri hadi Antwerpen ndani ya chupa ya kutunzia baridi, na kichupa kimoja kikafika kimevunjika. Wagonjwa 318 walihesabiwa, 280 wakafa. Ugonjwa ulipewa jina la mto Ebola ili jina la Yambuku lisibebe aibu. Kwa virusi hivyo dunia ilipata jibu la jina katika majuma machache, kwa sababu watu walikuwa wakifa na nchi kadhaa zilituma wataalamu. Kwa nyoka ilichukua karibu miaka 40. Si ajabu, nyoka hana wizara. Lakini walioweza kusoma mlango wa virusi vya boa na kusema unafanana na kitu fulani waliweza kwa sababu mlango wa Ebola ulikuwa umekwisha kusomwa, na ujuzi huo ulianza na damu ya watu wa Équateur.

Je, mtu anaweza kuambukizwa na nyoka hao? Hakuna mgonjwa hata mmoja wa kibinadamu aliyejulikana, ingawa maelfu ya watu wamewashika, wamewalisha na kulala chumba kimoja nao kwa miongo. Majaribio ya maabara yanaonyesha sababu moja inayoeleweka: virusi hivi vinazaana vizuri kwenye joto la karibu nyuzi 30, joto la nyoka, na vinashindwa kwenye nyuzi 37, joto la mwili wa mtu. Na nyoka hatajwi kama chanzo cha Ebola. Wanaoshukiwa zaidi ni popo, pamoja na wanyama wa msituni wanaokutwa wamekufa. Onyo la kutookota mzoga porini linabaki palepale, kwa sababu ya wanyama hao, si kwa sababu ya boa wa California.

Yaliyofuata yalithibitisha shaka za zamani na kuongeza mapya. Mwaka 2017 kikundi cha Stenglein kilitoa matokeo ya kuwaambukiza makusudi boa na chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale wanaosafirishwa kwa wingi kutoka Togo, Benin na Ghana kwenda masoko ya nje. Chatu walipata dalili za ubongo katika miezi kama miwili. Boa walijaa virusi na vipunje, lakini walikula na kutembea kama kawaida kwa muda wa miaka miwili ya uchunguzi. Hapo ikaeleweka jinsi nyumba nyingi zilivyoangamia: boa mnene, mwenye ngozi inayong'aa, aliingizwa chumba cha chatu, na hakuna aliyemshuku.

Pia ilionekana kwamba nyoka mmoja anaweza kubeba aina kadhaa za virusi hivi kwa pamoja, na vipande vyake huchanganyika. Hilo limefanya kazi ya chanjo kuwa ngumu, na mpaka sasa hakuna chanjo wala dawa. Kilichobadilika ni kwamba mwenye boa anaweza sasa kupeleka damu ya mnyama wake ikapimwa akiwa hai, badala ya kungoja apasuliwe.

Mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba ugonjwa huo umekutwa pia kwa boa wa porini huko Costa Rica, ambao hawajawahi kuona sanduku la kioo. Seli za figo la Juliet bado zinakuzwa maabarani, na virusi vya nyoka wengine bado vinapandwa juu yake.